Zorobabel Aliapa Kufika Beni Mukavu

Mususa, Butembo, tarehe 6 mwezi wa pili 2000

Orpa mudogo wangu,

Shika iyi salamu na mikono mbili juu ya vile iko nzito. Naandika mimi mwenyewe na mukono yangu, hakuna mutu ananisaidia. Kama unaona herufi imelala upande, ni herufi njo inagonjwa, mimi hapana.

Huku tuko bazima. Jokébed bibi yangu anakohoa lakini anagombana, donc iko muzima. Kuku mbili balikufa. Basoda balipita ku quartier kutafuta batu ba kubeba masanduku yabo, bakafika kwangu, bakaniangalia, bakasema acha ule muzee. Nilikasirika siku muzima. Mimi nilibeba masanduku ya Bazungu mbele baba zabo bazaliwe.

Sasa neno. Unajua vile nilisema kule kwako mwezi wa kwanza, wakati batu ba Muyisa, kijana mwenye anaoa, balileta mbuzi ya kuoa Eliane, mutoto ya marehemu ndugu yetu. Nilisema mbele ya bote na siwezi kumeza. Ule Lusenge, baba mudogo wa Muyisa, juu iko na motoka anafikiri iko baba ya batu bote. Alisema, "Muzee Zorobabel, siku ya ndoa tutakutumia motoka, mvula isikupige ku njia." Eti mvula inipige mimi! Mimi niliendesha piki ya mapadri mu mvula ya mwaka wa 59, mvula ile ilibeba ng'ombe, na misale, kitabu yabo ya misa, ilifika mukavu.

Njo nikaapa. Nilimwambia nitafika Beni na piki yangu mwenyewe, katikati ya mvula, na yeye Lusenge atatia mukono mu kifua yangu na atapata shati mukavu kama unga. Nikifika nimelowa, mbuzi ya baba mukubwa, njo mimi, irudie kwabo. Nikifika siku ya jua, ni kama sikufika. Ulisikia. Bote balisikia. Na unajua mbuzi ile njo ya mwisho ya mahari, na mimi nisiposhika kamba yake hakuna mutu wa kumutosha Eliane ku mulango, kumutoa inje na kumupa bwana yake.

Sasa sikia vile mutu wa akili anajitayarisha. Niko na koti ya mvula ya mupira, ilibaki ku padri moja mwenye alirudia kwabo. Mbele ya kuvaa bottes, viatu vya mvula, mutu anavaa sachet, mifuko ya plastiki, ku miguu. Ku mikono na ku miguu nafunga na kipande ya chambre à air, mupira ya ndani ya gurudumu, maji isipate njia ya kupanda. Suti na Biblia nitatia mu bidon, ile dumu, nitafunga na bougie ya kanisa, mushumaa ya kuyeyusha. Bougie ya piki, ile ya kuwasha moto, nayo itavaa sachet yake, isikunywe maji. Lunette ya macho napaka viazi mubichi, moshi isikae mule. Na juu ya ile yote najenga nyumba: bambu ine ku piki, na bâche, turubai ya bakimbizi, juu. Fundi alisema upepo itaibeba. Nikamwambia ile upepo hainijui.

Mvula ikianza mwezi wa tatu, fungua masikio. Mulio utasikia ni ya mukubwa wako,

Zorobabel


Beni, tarehe 24 mwezi wa pili 2000

Yaya Zorobabel, mukubwa wangu,

Wasingya, asante kwa barua yako. Dereva wa kahawa aliileta akicheka, basi najua aliisoma. Huku tunaendelea. Mathe bwana yangu mugongo unamusumbua kila Siku ya Mungu wakati wa kubeba viti vya kanisa, siku zingine hapana. Mutoto wetu Falonne iko mu cinquième, mwaka wa tano ya masomo. Usiku tunasikia risasi upande wa kiwanja ya ndege, asubuhi batu banaamka, banauza nyanya.

Ndoa tumeiweka Jumamosi tarehe 25 mwezi wa tatu. Nguo ya Eliane iko kwa Mama Solange, ameikata kwa kipimo ya leo. Nasema ya leo, yaya. Haitaweza kungoya sana. Mbuzi yako tumeifunga nyuma ya jikoni na inakula kila kitu tunaacha karibu.

Sasa nakuomba kama mudogo anavyoomba mukubwa. Panda camion ya mizigo. Panda juu ya magunia ya ndizi. Kuya na miguu. Kuya umelowa, kuya umekauka, lakini kuya. Eliane ananiuliza kila siku kama umetuma habari. Baba yake hayuko, mwenye kumutosha ni wewe tu, na batu ba Muyisa banajua hivyo. Lusenge ni mutu wa biashara, ile maneno yako amekwisha kuisahau.

Na kuhusu mvula siku ya ndoa usisumbuke. Hapa tumepanga.

Salimia Jokébed. Mwambie akunywe maji moto na limau.

Mudogo wako Orpa


Mususa, tarehe 19 mwezi wa tatu 2000

Orpa,

Nakusalimia na mukono ya kuume, ya kushoto iko na kidonda kidogo ya bambu. Jokébed anakusalimia. Kikohozi kiliisha, kugombana hapana. Kambere jirani yangu alinunua saa ya ukuta, sasa kila mutu ku quartier anajua saa na hakuna mwenye anawahi.

Ya nguo nilisikia. Kama inakuwa ndogo, Eliane apunguze viazi. Ya camion sikusikia. Karatasi ilikuwa na kitu pale.

Nilijaribu nyumba ya piki. Nilikaa juu ya piki mu lupango, kiwanja ya nyumba, nimevaa yote, Jokébed akapanda ku ngazi na bamama ba kanisa, bakanimwangia maji na mabassin. Balifanya na roho moja, wengine balirudilia bila kuombwa. Nikashuka mukavu. Shingo tu, na ile ilikuwa jasho.

Basi tarehe 14 wingu likatokea upande wa Beni, nyeusi kama sufuria. Nikaaga, nikasema nitangoya ndoa kule kule, nikawasha. Batu balipiga mikono njiani. Kufika Maboya, lile wingu likageuka likaenda upande wa forêti, na jua ikatoka kama hakukuwa neno. Nikafanya nini. Ningefika na jua, ni kama sikufika. Nikageuza piki.

Ku barrière, kizuizi ya njia, basoda bakanishimamisha. Baliona mutu amevaa mupira mwili muzima, miguu imefungwa, nyumba juu yake, na jua inachoma. Bakauliza natoka wapi. Nikasema Butembo. Naenda wapi. Beni. Bakasema lakini Beni iko nyuma yako. Nikasema ndiyo, narudia juu hakuna mvula. Bakaangaliana. Moja akanikaribia pole pole vile mutu anakaribia kichaa, akasema na Lingala, "Vieux, mbula ezobeta te." Anasema mvula haipigi. Nikamujibu, "Njo nakuambia. Njo sababu narudia."

Bakanikalisha chini. Mukubwa wabo alisema ile bambu iko antenne ya kuita adui. Bakapasua bambu mbili. Mule bakapata funza moja. Bakaniacha, lakini uone, kupasua bambu ya mutu moja ilitaka basoda sita na luteni. Batu ba kawaida habafanyiwe vile.

Donc tarehe 25 nangoya wingu. Sasa niambie, mvula ya Beni iko wapi? Mwezi wa tatu unaisha na sijasikia ngurumo. Uliza batu, unijibu.

Zorobabel, mukubwa


Beni, tarehe 2 mwezi wa ine 2000

Yaya,

Salamu. Falonne alipata homa, imepita. Mathe alinunua mabati mbili ya jikoni. Tuko.

Tarehe 25 ilipita. Nitakueleza vile ilipita, juu ulipaswa kuiona. Tulifunga bâche mu lupango. Chorale iliimba nyimbo yote inajua, ikarudia mwanzo, mara ya tatu bakaimba bila midomo. Pasta alihubiri juu ya kungoya. Halafu akahubiri juu ya wale wanangojewa. Tulituma batu ku barabara, kila piki inapita banarudia mbio, na ni muuza samaki. Jioni batu balikula wali juu ungeharibika, bakasema wasingya, bakaenda. Hakuna ndoa. Lusenge aliangalia juu, pale hapakuwa wingu hata kama kitambaa, akaangalia motoka yake mbele ya mulango. Ile macho iliniuma kuliko angetutukana.

Mbuzi yako ilikula maua ya karatasi ya bibi arusi. Imenona.

Eliane naye amenona, na si viazi. Mama Solange amefungua nguo ku mbavu mara ya pili. Wewe ni baba ya batoto saba. Kaa chini, ufikiri.

Pasta na wazee ba Muyisa balikubali tarehe ingine, Jumamosi 13 mwezi wa tano. Lusenge alisema kwa adabu sana kwamba ni ya mwisho. Bus inatoka Butembo kila asubuhi.

Ile uliuliza ya mvula, mvula ni kazi ya Nyamuhanga, Mungu wetu. Sina zaidi ya kusema.

Orpa


Kirumba, tarehe 20 mwezi wa ine 2000

Orpa mudogo wangu,

Usishangae kuona Kirumba. Niko muzima, piki iko muzima, salamu zote ziko muzima. Jokébed nilimuacha Mususa, anasema nimepotea akili, donc hali yake ni ile ile.

Nitakuambia vile nilifika huku, inchi ya kusini, wakati Beni iko kaskazini. Mama moja wa mafuta ya mawese alitoka kwenu, akamwambia Jokébed mbele yangu: kule Beni mutu amefunga mvula juu ya ndoa. Analipwa pombe, amefunga, na haifunguliwe mpaka bibi arusi apite mulango. Maharagi inakufa mu mashamba. Sasa mi nauliza: mupumbavu gani anaolesha mutoto mu mwezi wa mvula halafu anafunga mvula ya inchi muzima? Batu bale habana mukubwa wa kubaambia? Ukibajua, baambie vile Zorobabel wa Mususa amesema, ni batu bila haya.

Basi nikafikiri. Kama mvula haikuyi kwangu, nitaenda kuikamata kwabo. Batu balisema Kirumba na Luofu inanyesha kila siku. Nitaikuta, nitaingia mule, nitageuka nayo nyuma yangu mpaka Beni. Mvula ni kama mbuzi, ukienda mbele yake inafuata. Jokébed alisema kule pia kuna basoda ba upande mwingine. Nikasema mvula haina upande.

Na nimeipata. Orpa, ni mvula. Huku iko ku kazi. Ilianza mbele kidogo ya Kirumba. Ile nyumba ya bambu iliomba ruhusa kwenda, nikaipa, ikaenda mu bonde. Piki ililala mu potopoto, mu matope, mara mingi, ilikuwa imechoka. Lakini mimi, tone moja haikunigusa. Naandika nimekauka kabisa, mu stoki, gala ya mama moja wa viazi, karibu sana na moto juu napenda kuangalia moto. Manguo iko ku kamba juu inapumzika.

Eliane nilimufikiria vile uliniamuru. Nimepata. Ni minyoo. Mupeni dawa.

Nikipona, nataka kusema nikipumzika, natoka.

Zorobabel mwenye hakulowa


Beni, tarehe 3 mwezi wa tano 2000

Yaya,

Natumia iyi barua Mususa, juu Jokébed alinitumia habari kwamba camion ya viazi ilikurudisha, wewe ndani, piki juu yako, na unatetemeka. Huku tuko vizuri ya mwili.

Barua yako ilifika kama kitambaa ya kupangusa meza. Niliikausha na pasi ya makaa. Maneno mengi imekuwa maji ya bleu. Pale umeandika tone moja haikunigusa pana tundu, naona meza yangu.

Sasa nitasema yote, na wewe usikatize.

Ule mupumbavu bila haya ni mimi. Ndoa ya lupango mu mwezi wa tatu, bâche moja, wageni wengi, ungefanya nini wewe? Nilimwendea muzee Kitsa wa ku kilima, Mathe akageuka upande mwingine juu yeye ni shemasi. Kitsa alifunga mvula na kamba yake ku nguzo ya jikoni yetu na kusema haifunguliwe mpaka Eliane apite mulango. Basi Eliane hapiti bila wewe. Wewe hauji bila mvula. Mvula haiji mbele Eliane apite. Kila usiku naihesabu hivi na kila usiku inanirudisha pale pale.

Mama Débora, jirani yangu, aliniletea maharagi yake mu kitunga, imekauka na mizizi, akaiweka mbele ya mulango yangu na kwenda bila salamu. Nilimwendea Kitsa nikamuomba afungue. Akasema ameapa. Na wafanya matofali banamuletea kasikisi, pombe ya ndizi, kila jioni asifungue. Pasta alihubiri vikali juu ya wale wanafunga mvula, halafu nyuma ya ibada akanivuta pembeni akauliza pole pole kama inaweza kushika mpaka wamalize kupiga mabati ya kanisa.

Sasa ingine. Commandant mukubwa alisikia habari ya Kitsa, juzi akamuchukua na jeep. Anataka anyeshee mvula adui zake kule mbele, motoka yabo ikwame. Kitsa alimwambia iko na kamba moja tu, akitaka kufanya kazi kule lazima afungue ya huku. Bakakuya na basoda, bakafungua kamba ku nguzo yangu, Kitsa akilalamika. Basi mvula inaweza kuanza siku yoyote. Sikuambii juu ufurahi. Nakuambia juu hauna tena cha kungoya.

Na ya Eliane, si minyoo. Ni mimba, yaya. Iko na miezi mitano. Ya Muyisa, na Muyisa hakatai, anamupenda. Lakini Jumamosi ya tarehe 13, saa sita ya mchana, watamuchukua. Ukiwapo, ukiwa hauko. Mimi siwezi kubashika na habana makosa. Kama hauko, atatoka pale mulango bila neno ya mutu, kama mutoto mwenye baliokota ku soko, na siku yoyote ya ugomvi mu nyumba yake batamwambia hivyo.

Nilimuuliza Eliane kama anataka nikuandikie kitu. Akasema, "Mwambie baba mukubwa, nikitoka bila yeye, sitamukasirikia. Nitajua tu kwamba sikuwa na mutu."

Njo hiyo. Sijaongeza neno.

Orpa


Mususa, tarehe 28 mwezi wa tano 2000

Orpa mudogo wangu,

Tangu nitoke kwako nilifika salama. Jokébed ananilazimisha kulala na blanketi tatu, si ugonjwa, ni heshima. Kuku moja ilitotoa. Mvula imeanza huku pia, kila siku, sasa ambapo hakuna mwenye anaiomba.

Niko na neno moja. Huku quartier bananiuliza vile nilifika Beni. Nikabaambia. Lakini Kambere, ule wa saa, alisikia ku dereva moja kwamba nilifika kama imbwa imetoka mu mutoni. Anaisema ku kila mulango. Donc naomba uniandikie karatasi ya ushahidi, Swahili ya muzuri, na muhuri ya kanisa, kwamba Zorobabel alifika Beni katikati ya mvula na shati mukavu. Nitaisoma mbele ya batu Siku ya Mungu.

Usisumbuliwe na mambo kidogo. Ya koti, bottes na bâche, basoda habakuninyang'anya pale Kabasha vile dereva anasema. Nilibagawia. Balikuwa vijana, banakohoa, mukubwa ni kugawa. Kama uliona maji inatoka kwangu, ilikuwa ya piki. Na tena fikiria iyi: Lusenge hakutia mukono mu kifua yangu. Sasa nani anajua? Hakuna mutu anajua. Mambo ambayo hakuna mutu anajua, mutu muzuri anaweza kuandika.

Eliane iko namna gani? Sikuulizi juu ya kitu. Nauliza tu.

Mukubwa wako Zorobabel


Beni, tarehe 11 mwezi wa sita 2000

Yaya,

Salamu kwako na Jokébed, na kwa ile kuku. Eliane iko muzima kwa bwana yake, anakula, anacheka, tumbo limeshuka mbele. Mama Débora alipanda maharagi mapya. Kitsa alirudi na miguu, anasema kule mbele ilinyesha pande zote mbili na commandant alikwama wa kwanza. Mathe amepona mugongo tangu viti vilimalizika kubebwa.

Ukurasa huu ni wetu, usiusome mbele ya batu.

Ule dereva wa kahawa alikuwa nyuma yako ku barrière ya Kabasha, aliona yote. Basoda balikuvua koti, bottes, bâche, ata ile kamba ya chambre à air. Halafu mvula ikaanza, ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Batu balikuita mu baraza ya duka, bakasema muzee, kaa hapa, itapita, utafika mukavu tu mbele ya jioni. Anasema ulikaa kidogo. Ukauliza saa. Bakasema saa ine na nusu. Ukatoka na shati tu na miguu wazi, ukawasha piki mu mvula, na wakakuita tena na haukugeuka.

Nilikuwa ku mulango wakati ulifika. Batu ba Muyisa bamekwisha kushimama, Eliane amekwisha kuvaa viatu. Ulishuka, piki ikaanguka, ukaiacha. Maji ilitoka mu mikono ya shati yako kama mu bomba. Hakuna mutu alicheka, na mimi nilikuwa tayari kupiga mwenye angecheka. Nilikuandikia kwamba Lusenge amesahau. Hakusahau. Hakuna mwenye alisahau. Lusenge alikuya na mwavuli yake, akakuangalia juu mpaka chini, akasema pole pole, karibu na haya, "Muzee, ulisema ukilowa, mbuzi irudie."

Na wewe, mwenye ulitujibu maneno mingi tangu mwezi wa pili, ulimwambia, "Rudisha mbuzi. Sikukuya kushika mbuzi. Nilikuya kutosha mutoto."

Njo Lusenge akafunga mwavuli. Alienda yeye mwenyewe nyuma ya jikoni, akaileta ile mbuzi mu mvula na viatu vyake vya ndoa, akatia kamba mu mukono yako. Ukamushika Eliane na mukono mwingine. Mulienda hivyo, wewe, yeye na mbuzi, mpaka mulango, na nguo ile Mama Solange alifungua mara tatu ikalowa yote. Ulimwambia Muyisa maneno ine tu: uyu iko na baba. Eliane aliyarudilia mu gari, ananiambia, mpaka bakafika kwabo.

Muhuri pasta alikataa. Anasema muhuri ya kanisa haijui mambo ya mashati. Lakini karatasi nimekuandikia, Swahili ya muzuri vile ulitaka. Iyi njo ya kusoma:

"Mimi Orpa wa Beni nashuhudia mbele ya watu wa Mususa kwamba Jumamosi tarehe 13 mwezi wa tano, kaka yangu Zorobabel alitoka Butembo na piki yake. Mvula ilinyesha njiani, kubwa, na hakusimama kungoja ipite. Alifika mbele ya saa sita. Alimushika mukono mutoto wa ndugu yetu na kumutosha ku mulango wa nyumba yetu kama baba. Wote waliokuwapo waliona."

Shati sikuliandika. Kambere akikuuliza habari ya shati, umusomee tena pale nimeandika alifika.

Mudogo wako,
Orpa